Nilifuata Shilingi Mia Hadi Karagwe

Kijiweni kwetu Tabata kikombe cha kahawa kilikuwa shilingi 100 tangu nianze kukaa na watu wazima. Mwaka 2025 muuzaji alikuja na birika lilelile na kashata zilezile, akatangaza mia mbili. Ikazuka kesi. Mmoja akasema ni tamaa, mwingine akasema kahawa imepanda dunia nzima, sasa hivi wakulima wa Bukoba wanajenga maghorofa. Jirani yangu mmoja, Mnyambo wa Karagwe, akacheka mpaka kashata ikamkwama. "Bibi yangu ana mibuni tangu kabla ya uhuru. Ghorofa lake nenda kaniangalizie."

Nilikuwa na likizo, nikaenda. Haya ni ya Julai 2025. Nimeyapanga upya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililomwagikiwa chai na picha za simu, kwa hiyo saa nyingine ni za kukisia.

Jumapili, 13 Julai: Mwanza, melini

Dar hadi Mwanza sina la kusimulia. Treni mpaka Dodoma, halafu basi, miguu ikavimba.

Meli ya New Victoria inaondoka usiku na kufika Bukoba asubuhi. Nilikata daraja la tatu kwa ubahili, nikajuta kufikia saa tano. Upepo wa ziwa hauulizi umetoka mkoa gani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniangalia nikitetemeka ndani ya fulana, akatoa kitenge kwenye mfuko wa rambo akanirushia bila neno. Asubuhi nilipomrudishia aliniambia, "Ninyi wa Dar mnadhani Tanzania yote ni joto." Watu wazima melini bado wanateremsha sauti wakitaja MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Kijana aliyetaka kutania habari hiyo alinyamazishwa kwa jicho tu.

Utakayesafiri: beba sweta na kitambulisho, kula kabla ya kupanda, na kama mfuko unaruhusu kata tiketi ya kitanda. Nilichookoa kwenye nauli nilikilipia kwa dawa za mafua.

Jumatatu, 14 Julai: Bukoba

Alfajiri tulitia nanga Kemondo, bandari yenye harufu ya ndizi mbichi, kisha Bukoba jua likiwa limeshatoka.

Stendi nilinunua akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyofungwa kwa ganda kavu la mgomba kama zawadi. Buni huchumwa ikiwa mbichi, hupikwa na majani yenye harufu nzuri, halafu hukaushwa. Unatafuna taratibu, unatema ganda. Mimi nilimeza la kwanza, muuzaji akaguna kama mwalimu. Mzee huyo ndiye aliyenikumbusha kwamba huku kahawa ilikuwa heshima kabla ya kuwa fedha. Mgeni alikaribishwa nayo, na watu waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za buni moja, kila mtu yake. Kulima kwa ajili ya soko kulikuja kuwa amri wakati wa ukoloni. Mwaka 1937 Wahaya waliandamana kupinga kanuni za serikali juu ya namna ya kutunza mibuni. "Hawakukataa kahawa," mzee alisema, "walikataa kuelekezwa shambani kwao."

Mchana nilipita nje ya kiwanda cha Tanica, kinachotengeneza kahawa ya kukoroga, nikala sato na ndizi pale karibu na ziwa kwa 7,000. Chumba cha wageni 20,000, maji ya moto kwenye ndoo. Sikulalamika.

Jumanne, 15 Julai: Bukoba, Kyaka, Kayanga

Hiace ya saa mbili iliondoka saa nne, ikiwa imejaza kila kitu isipokuwa mafuta, ambayo tulikwenda kuyatia abiria tukiwa ndani. Kyaka tulivuka Mto Kagera. Daraja la hapo majeshi ya Idi Amin yalilipua mwaka 1978, na konda, ambaye hakuwa amezaliwa, aliisimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyewaona.

Mbele kidogo tairi likapasuka, na la akiba lilikuwa upara. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na nusu. Mwenye nyumba iliyokuwa karibu alitoa benchi, kisha chai ya tangawizi, kisha akaomba tusikanyage turubai lake. Ndipo nilipoyaona kwa mara ya kwanza: maganda. Hapa hawauzi kahawa nyeupe iliyokobolewa kama unavyoiona sokoni. Buni nyekundu inaanikwa nzima mpaka iwe nyeusi, na inauzwa na ganda lake. Kilo mbili za maganda hutoa kama kilo moja ya kahawa safi, na ukiikaanga inapungua tena. Niliandika hesabu hiyo daftarini kwa ajili ya kesi ya kijiweni.

Kayanga tulifika na baridi. Julai asubuhi huku unatoa moshi mdomoni.

Jumatano, 16 Julai: kwa bibi

Bodaboda 6,000, vumbi bure. Mjukuu wa bibi alinipokea njia panda, kijana wa miaka ishirini hivi.

Ghorofa sikuliona. Nyumba ni ya matofali, bati lina kutu upande mmoja, na imezungukwa na kibanja kilichosongamana mpaka jua linaingia kwa vipande. Juu migomba, katikati mibuni ya aina ya robusta, mirefu iliyozeeka, chini maharage na magimbi. Bibi alikuwa ameketi kwenye turubai akichambua vijiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mjukuu wake wa Dar, ameoa au bado anazurura. Kisha akachota maganda kiganjani, akafumba ngumi, akainyanyua mpaka sikioni mwangu na kuitikisa.

"Sikia."

Ilikuwa inalia kama kayamba dogo.

Akachota ya upande wa pili, akatikisa. Kimya, kama mtu anayetikisa udongo.

"Hii inayolia imekauka. Hii iliyonyamaza bado ina maji. Ukiipeleka chamani wanaweka mashine, wanakurudisha nayo kichwani." Chama ni cha ushirika cha wakulima, wanakouzia kahawa, na mashine ni ile ya kupimia unyevu. Bibi haihitaji, ila mashine ndiyo yenye neno la mwisho.

Tulikula ndizi na maharage. Baadaye bibi alimwagiza mjukuu alete daftari lake, la shule, lenye picha ya twiga. Kuna kurasa za miaka ya nyuma alikouza kilo kwa 1,000 na ushei. Kuna ya 2024 ambapo namba inakaribia 5,000. Nikamwambia, basi bibi, mwaka jana ulipata.

"Nilipata ya magunia mawili. Yalikuwa manne."

Hapo ndipo nilipojifunza neno butura. Kahawa ikiwa bado ua, au punje ya kijani, unamwendea mwenye fedha. Anakupa kiasi fulani kwa gunia. Ukivuna, gunia ni lake, bei iwe imepanda au imeshuka. Serikali inakataza, viongozi wanakemea kila msimu, na kila Januari watoto wanakwenda shule. Mwaka huu tena, Januari, mjukuu wake wa kike alikuwa anaanza kidato cha kwanza bweni. Ada hakuna siku hizi, lakini godoro, sanduku, sare mbili na ndoo havitolewi na mtu. Bibi alichukua 120,000 kwa magunia mawili, kila moja la kilo 60.

Nilipiga hesabu kimoyomoyo, na uso wangu ulinisaliti.

"Usinihesabie, mjukuu wangu. Nilishahesabu. Ulitaka alalie nini?"

Alhamisi, 17 Julai

Kutwa tulichuma. Nilidhani kuchuma kahawa ni kama kuchuma mapera, kumbe tawi moja lina nyekundu, njano na kijani, na unatakiwa kuchagua nyekundu tu. Mjukuu alikuwa mwepesi mara tatu yangu. Alinionyesha shamba la jirani lililochumwa hata kijani. Si ujinga, alisema. Bei ilipopanda wezi nao walipata habari. Watu wanalala shambani na mbwa, na anayechoka kulinda anachuma zote ziishe. Mwenye butura naye akiona zinachelewa anakuja kuulizia. Kahawa ya kijani inakauka vibaya, inashusha mzigo mzima, na mnunuzi anawapa bei moja wote.

Jioni alikuja mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu. Huyu angefaa kuwa redio. Kwake historia ina tarehe za kahawa. 1989, mkataba wa dunia uliokuwa unagawia kila nchi kiasi chake cha kuuza ukavunjika, bei ikaanguka, "na hakuna aliyetuita mkutanoni." 1994, baridi ikaunguza mashamba ya Brazil, bei ikaruka, na hapohapo wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini, wakaja na magari na noti mpya. Halafu mnyauko. Mti una majani leo, wiki ijayo umekauka umesimama. Halafu bei ya 2001, ambayo anaisimulia kwa kuinua ndizi moja juu na kuonyesha kwamba hii peke yake ilikuwa na thamani kuliko kahawa. Watu waling'oa mibuni. Bibi hakung'oa.

"Kwa nini hukung'oa?" nikauliza.

"Ilikuwa ya marehemu. Mwanamke ni wa migomba, mibuni ni ya baba. Ningeng'oa, ukoo ungekuja." Akacheka. "Sasa bei imepanda, ukoo umekuja hata bila kung'oa." Mashemeji wawili mwaka jana walikumbuka ghafla mpaka wa kibanja.

Giza lilipoingia ikaja pikipiki. Jirani mwenye butura. Nilikuwa nimemchora kichwani mtu wa kitambi na meno ya dhahabu. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kikohozi na duka dogo, aliyemwamkia bibi kwa adabu zote, akakaa, akanywa chai, akauliza dawa yake ya mgongo kama imesaidia. Babu alipofariki ni yeye aliyeleta gari la kubebea mwili kutoka hospitali. Kisha akanyanyuka, na mimi na mjukuu tukamsaidia kupakia magunia mawili. Nilishika upande wa chini. Kilo 60 ni nzito, na maganda ndani yalikuwa yanalia.

Ijumaa, 18 Julai: mnada

Magunia mawili yaliyobaki bibi alishayapeleka chama cha msingi wiki iliyopita. Yalipimwa, akapewa stakabadhi, akarudi nyumbani bila hela. Utaratibu wa sasa ndio huo. Tangu 2018 mnunuzi binafsi haruhusiwi kununua nyumba kwa nyumba, mzigo unakusanywa chamani na kuuzwa kwa mnada. Wanunuzi wanapeleka bei zao kwa mtandao, zinasomwa hadharani, na wakulima wanakubali au wanakataa.

Uwanja ulijaa. Wauza maandazi walifanya biashara kuliko wote. Vijana walikuwa na simu, na neno lililosikika kila kona ni London, kwa sababu huko ndiko robusta ya dunia inapopangiwa bei. "London imelala." "London imeamka kidogo." Ungedhani ni mgonjwa wa kijijini. Februari tani moja ilipita dola 5,500, Julai hii ikawa chini ya 4,000, maana Brazil wamevuna robusta nyingi. Mwingine akadai tutapona, kwa sababu Marekani ilikuwa imetangaza siku chache kabla kwamba itaitoza Brazil ushuru wa asilimia 50. Karani wa chama akamjibu bila kuinua kichwa kwamba Brazil haitaimwaga baharini kahawa yake, itaipeleka sokoni kulekule inakokwenda yetu. Wakabishana nusu saa. Nimekaa kwenye mikutano ya watu wenye tai isiyofikia ule.

Bei ya juu ikasomwa: 3,600 na kitu. Mguno ukapita kama upepo kwenye migomba. Mwaka jana msimu kama huu ilikuwa karibu 5,000! Wenye sauti wakataka ikataliwe, wasubiri mnada ujao. Niliwaangalia waliokuwa wanasema hivyo. Mwenye duka, mwenye ng'ombe wa maziwa, mwenye mtoto anayetuma fedha. Ikaitwa mikono. Ya kukubali ilikuwa mingi, mingine ilinyanyuka taratibu na kuangalia chini. Mkono wa bibi ulinyanyuka mapema.

Njiani nilimuuliza kwa nini asingesubiri. Akaniangalia kama mtu niliyemeza lile ganda la akamwani kwa mara ya pili. "Nisubiri na nini?"

Mpaka hapo nilikuwa nimekuja na swali la bei, imepanda au imeshuka. Nadhani nilikosea swali. Bei ilipokuwa 5,000 bibi aliuza nusu ya mavuno kwa bei kama ya zamani, na ilipokuwa 3,600 vilevile. Kwenye makato ya stakabadhi kuna ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 na tozo za vyama, ndiyo, na kuyalalamikia ni mchezo wa kila kijiji. Lakini kato kubwa kuliko yote halimo kwenye karatasi. Lilifanyika Januari, juu ya godoro.

Utakayekwenda mnadani: omba ruhusa kwa uongozi kabla ya kupiga picha. Mimi sikuomba, nikakaa ofisini dakika arobaini nikieleza kwamba si mnunuzi wala mpelelezi. Walinipa soda walipomaliza.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda dukani kwa mwalimu mstaafu kununua vocha, kwa kweli kumchunguza. Akaligundua hilo mara moja. Alinifungulia stoo. Ilikuwa na magunia mpaka darini, mengine ya mavuno ya mwaka jana. Februari, London ilipopaa, alikopa akanunua kwa watu kwa fedha taslimu kwa bei ya juu, akitumaini ipae zaidi. "Sasa nimekaa nayo kama mtu aliyenunua barafu," alisema, akakohoa. Hakuniomba nimhurumie, na sikumhurumia sana. Ya butura bado inamlipa. Ila nilitoka na chuki ndogo kuliko niliyoingia nayo, jambo lililonisumbua njia nzima.

Usiku, nikiwa nje kutafuta mtandao, zilipita baiskeli tatu zisizo na taa, kila moja na mzigo nyuma, zikielekea upande wa mpaka. Mjukuu alinishika mkono nikarudi ndani. Uganda mnunuzi anakulipa papo hapo, usiku huohuo. Akikamatwa mtu anapoteza kahawa na baiskeli. Ushauri kwa wageni: usiulize, usimulike.

Jumapili na Jumatatu, 20–21 Julai: kurudi

Bibi alinifungia ndizi mkungu mzima, ambao niliubeba hadi Dar kwa aibu na upendo. Nilimpa 20,000 akakataa mara mbili, ya tatu akaipokea kwa mikono miwili. "Wakora waitu," ndiyo asante ya huko.

Kutoka Bukoba nilichagua basi badala ya meli ili nipite daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni. Zamani hapo ulipanga foleni ya kivuko mpaka ukafahamiana na familia za watu. Sasa ni kilometa 3 juu ya maji, dakika chache, abiria wote wakapiga picha na hakuna aliyenunua mahindi. Wachuuzi wa kivukoni sijui wamehamia wapi.

Gharama yangu yote, Mwanza hadi Mwanza siku tisa, haikufika 250,000, kwa sababu siku nne nililala na kula kwa bibi.

Nyongeza

Kijiweni niliwapa akamwani, wakaitema yote. Kesi ya mia mbili imehamia kwenye mpira.

Mwanzoni mwa Agosti mjukuu aliniandikia kwamba malipo ya magunia mawili yameingia. Bibi alinunua bati nane za ule upande wenye kutu, akalipa deni la dawa. Septemba akatuma picha. Mvua za kwanza zimenyesha, mibuni imetoa maua meupe kila tawi, mpaka majani hayaonekani. Chini ya picha aliandika: "Mwaka huu zimejaa. Mwalimu alipita jana kumsalimia bibi. Amekaa sana."